Kitindamimba Wangu Hakuhitaji Kamba Yenu

Kwa Mwongozaji,
Kampuni ya Filamu
(anwani nimepewa na mkata tiketi, ambaye naye hakuwa na uhakika nayo).

Ndugu Mwongozaji,

YAH: KUOZESHWA KWA MTOTO WANGU WA GEMU BILA MIMI KUARIFIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi pia sijambo, ila mguu wa kushoto hunisumbua kukiwa na baridi, na moyo unanisumbua tangu Jumamosi nilipotoka kutazama filamu yako.

Kwa kuwa hatujuani, naomba nijitambulishe. Mimi ni kinyozi. Nina kiduka cha viti viwili na kioo kimoja kirefu, mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta, na kazi hii niliianza nikiwa bado na nywele zangu mwenyewe. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Aliniachia binti mmoja, ambaye ni fundi wa minara ya simu. Ukiona kidoa cha njano juu kabisa ya mnara, kimeegemea upepo, kinafunga nati ili wewe uweze kumpigia mkeo, huyo ni mwanangu. Ana kofia ngumu, ana mkanda wa usalama wenye ndoano, na ana viatu ambavyo akiviacha mlangoni mgeni hudhani nimepangisha chumba kwa askari.

Nina mtoto wa pili, na huyo ndiye sababu ya barua hii. Ni yule msichana wa kwenye gemu, yule yule uliyemchukua ukamtengenezea filamu. Ninyi mnamwita kwa jina lake la kazi. Hapa nyumbani anaitwa Kitindamimba, kwa sababu alikuja wa mwisho, na kwa sababu ndiye aliyedekezwa.

Alivyokuja ni hivi. Mwaka juzi nilipanda kigoda pale dukani kubadilisha balbu. Kigoda chenyewe hakifiki goti. Nilianguka, nikavunjika mguu, na wateja wakanibeba hadi hospitali, mmoja wao akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Binti yangu, ambaye hushinda juu ya minara na kurudi nyumbani bila hata kujikwaruza, alifika kitandani kwangu, akanitazama, akaitazama plasta, kisha akauliza kigoda kilikuwa na urefu gani. Nilijifanya nimelala.

Nikawa mtu wa kukaa ndani. Ili nisije nikamsumbua kwa simu kutwa nzima akiwa kazini, aliniunganishia mashine ya gemu kwenye televisheni, akaniwekea mkononi pedi, kile kidude cha vitufe, akanifundisha kumtembeza huyo msichana. Mashine ile humtunzia kila mchezaji wa kwake. Binti yangu ana Kitindamimba wake, ambaye ameshavuka huko milimani na kwenye mapango, na mimi nina wangu. Plasta ilitolewa, duka likafunguliwa, lakini mtoto sikumtupa. Kila jioni nikirudi namwamsha, namnywesha maji, namzungusha kidogo anyooshe miguu, kisha namlaza. Nasema bila majivuno kwamba tangu nikabidhiwe msichana huyu hajapata hata mchubuko. Waulize wazazi wenzangu ni wangapi wanaoweza kusema hivyo.

Sasa Jumamosi tulikuja kwenye filamu yako watatu: mimi, binti yangu, na mchumba wake. Huyu mchumba ni mwalimu wa udereva. Ni kijana mtaratibu, hapandishi sauti, na anaendesha gari lile la kufundishia lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wake. Tiketi alinunua yeye. Sina ugomvi naye, au tuseme sikuwa na ugomvi naye tulipokuwa tunaingia. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate shida kuyajibu.

1. Mpiga picha wako. Msichana wangu alipotokea kwa mara ya kwanza, mpiga picha hakuanza na uso, kama watu wanavyoanza wanapokutana. Alianza na kisigino. Akapanda taratibu, akapumzika kwenye paja, akaendelea, akapumzika tena pengine ambapo sitapataja kwa sababu barua hii huenda ikasomwa na karani wako. Nilikuwa nimekaa katikati ya binti yangu na mkwe wangu mtarajiwa. Ndugu Mwongozaji, nilisoma kibao cha mlango wa dharura, nikakisoma tena, nikahesabu taa za darini, na nilipogeuka kwenye skrini bado mtu wako hajafika kidevuni. Kwenye gemu mimi humwona Kitindamimba mgongoni. Humwona mgongo, mkoba na kisogo, kama mzazi anavyomwona mtoto anayekwenda shule. Nikiwa kinyozi nakuhakikishia kisogo kinatosha kabisa kumjua mtu.

2. Mifuko. Kwenye gemu ana mifuko. Ana mfuko wa ramani, wa tochi, wa bandeji, na mwingine mdogo ambao sijajua ni wa nini lakini huwa natulia nikiuona. Fundi wako wa nguo ameiondoa yote, kisha suruali akaibana kiasi kwamba nilimwogopea mtoto kuchuchumaa. Basi kila alipohitaji tochi, tochi ilikuwepo. Ilitoka wapi? Na baada ya kuzama kwenye tope, kutambaa kwenye moshi na kutupwa kutoka kwenye lori, nywele zake zilikuwa zimelala vizuri kuliko za mteja wangu anayeoa kesho. Nimekaa na nywele za watu maisha yangu yote na sijaona nywele zenye heshima kiasi hicho.

3. Kuuawa kwangu. Hili niliandike polepole. Kwenye gemu hakuna popote panapotajwa baba wa Kitindamimba. Yuko tu, ana kazi zake, anazifanya. Ninyi mkaona haitoshi. Mkamtafutia baba, mzee mwenye mvi na kikohozi, na kabla watu hawajafungua bisi zao mkamuua. Akafia mikononi mwa mtoto, akisema maneno juu ya ujasiri ambayo mtu mwenye kikohozi kile hawezi kuyasema kwa pumzi moja. Kuanzia hapo kila akipanda ukuta anapanda kwa ajili ya marehemu, kila akimpiga mtu teke anamkumbuka marehemu, na akifungua mkoba mnatuonyesha picha ya marehemu.

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: ni lazima mzee afe ndipo binti apande? Shujaa wa kiume mliyenionyesha kwenye matangazo ya filamu nyingine anaruka kwenye helikopta kwa sababu anapenda helikopta, na hakuna aliyeuliza baba yake yuko wapi. Binti yangu alianza kupanda minara mimi nikiwa hai, nikiwa na njaa, na nikimwita aje kula. Pale ukumbini, mzee alipokata roho, nilijikuta nimeshika kifua kuhakikisha. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alinipa pole. Niliipokea, kwa sababu sikujua la kufanya nayo.

4. Kamba. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na nakuomba kama unasoma umesimama, ukae.

Kuna ule mwamba. Kwenye gemu ni mwamba mrefu wenye maporomoko ya maji upande mmoja, na binti yangu amempandisha Kitindamimba wake pale mara nyingi mno, mimi nikiwa kwenye kochi nimeziba uso kwa gazeti. Hupanda mwenyewe. Huteleza, hushika jiwe jingine, hupumua, huendelea. Hakuna mwanamume katika gemu lile lote zaidi ya wale wabaya na muuza duka mmoja asiyesema. Lakini kwenye filamu yako, mtoto alipofika katikati, ghafla mikono ikamlegea. Akapiga ukelele ambao sijawahi kumsikia nao. Na hapo juu akatokea kijana, shati limefunguliwa vifungo, meno meupe, ameshika kamba. Akamvuta. Hakumvuta kama mtu anayejua kamba, alimvuta kama anayeteka maji huku akitabasamu. Alipomfikisha juu akamwambia asiogope, yeye yupo.

Binti yangu alicheka. Watu wa mstari wetu waligeuka. Lakini mkwe mtarajiwa hakucheka. Alimshika binti yangu mkono, akipitisha wake mbele yangu, na nikamwona akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubaliana na jambo alilokuwa akilifikiria siku nyingi.

Tukiwa kwenye gari, kwenye taa za barabarani, akalitoa. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba hata yule, pamoja na ushujaa wake wote, mwisho wa yote alihitaji mtu wa kumvuta. Kisha akasema wakishaoana ingekuwa vizuri binti yangu ashuke. Kampuni yao ina ofisi, ofisi ina meza, na mezani watu hupokea simu za wateja, kazi nzuri tu yenye feni. Binti yangu aligeukia dirishani akawa anaangalia vile vitaa vyekundu vya minara, na mimi nikaangalia breki ya pili iliyokuwa chini ya mguu wa binti yangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa upande huo, na hakuigusa.

Sasa ujue ni wakati gani mlioleta kamba yenu. Kampuni ya binti yangu inasimamisha mnara mpya kule kilimani, mrefu kuliko yote waliyonayo, na mkubwa wake wa kazi amemwomba aongoze kikosi cha kupanda. Hajapata kupewa kikosi mwanamke yeyote pale. Anatakiwa kujibu Ijumaa. Kabla ya Jumamosi alikuwa akilizungumza jambo hilo asubuhi na jioni, hadi mezani alikuwa akinipangia vijiko kunionyesha nani atasimama wapi. Tangu Jumamosi hajalitaja. Amevisafisha viatu vyake vikubwa, akaviweka chini ya kitanda, na mlango wetu sasa unaonekana kama mlango wa watu wengine. Inaniuma, Ndugu Mwongozaji. Kila nikitoka asubuhi mguu wangu unakwepa viatu ambavyo havipo.

Nimemwambia waziwazi kwamba mimi baba yake niko upande wake na sijawahi kumzuia. Ni kweli tupu. Huwa namwomba tu anipigie akifika juu, na anipigie akishashuka, na hapo katikati kama kuna upepo. Mzazi asiyezuia ndivyo alivyo.

5. (Hili lilipaswa kuwa la pili au la tatu, nilikuwa nimelisahau, mteja amenikumbusha.) Kabla ya ule mwamba, msichana huyu huyu alikuwa amewapiga wanaume wenye bunduki ndani ya lifti. Ndani ya lifti, nasema, ambamo mimi na mwavuli hatutoshi. Mmoja alimpiga kwa kiatu cha mwenzake. Alipotoka alikuwa amebeba mtu begani. Kisha dakika chache baadaye jiwe limemshinda. Nimejaribu kulielewa kwa upande wenu: nguvu zake zinatosha kabisa mpaka anapotokea mwanamume mzuri, hapo zinakwisha. Mteja huyo, ambaye ni mwalimu mstaafu, aliniambia nisijisumbue, gemu ni gemu na filamu ni filamu. Nilikuwa nimeshika kichwa chake na wembe ulikuwa sikioni, naye akaona ni heri tuzungumzie mvua.

6. Ndoa. Mwisho wa filamu mmemwozesha. Nimeandika mmemwozesha kwa sababu sijui kuita vingine: alimbusu yule wa kamba, jua likazama, kisha tukaonyeshwa nyumba ya mbao kando ya ziwa, msichana amevaa gauni jepesi, anacheka na mbwa. Mkoba wake umetundikwa ukutani kama pambo, na juu ya mkoba ipo picha yangu mimi marehemu, nikitazama yote hayo nisiweze kusema neno.

Hakuna aliyekuja kubisha hodi kwetu. Hakuna aliyeuliza kijana huyo anafanya kazi gani mbali na kusimama juu ya miamba. Ukoo wake siujui, na shati lake halina vifungo. Majina yalipoanza kupita mwishoni, watu wakatoka, mimi nikabaki nikiyasoma yote, ya wapishi, ya madereva, ya waliotunza farasi, nikitafuta mahali pa wazazi. Sikuona. Mfagiaji alinisubiri kwa heshima, ameegemea ufagio.

Nimelitafakari jambo hili kwa kirefu, na hitimisho langu ni hili. Ikiwa ndoa ile ni halali, basi yule wa kamba ni mkwe wangu, na mkwe ambaye hajanisalimia hata siku moja ana kosa. Ikiwa si halali, basi mtoto wangu anaishi kando ya ziwa na mtu asiye mumewe, na kosa ni lenu. Na ikiwa utaniambia kwamba yule wa ziwani si Kitindamimba wangu hata kidogo, bali ni mtu mwingine mliyemvisha jina lake, basi mmeiba jina la mtoto wa watu, na binti yangu mkubwa anatakiwa kushushwa mnarani kwa sababu ya mambo yaliyompata mtu ambaye hata si ndugu yake. Kote nilikojaribu kupita nimekukuta wewe umesimama mlangoni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo si makubwa.

Kwanza, ndoa ivunjwe na mtoto arudishwe nyumbani na mkoba wake. Mbwa anaweza kuja.

Pili, mimi nifufuliwe. Najua kwenye filamu za namna hii ni jambo rahisi, kwani yule mbaya mkuu mlimfufua bila hata kueleza.

Tatu, kabla ya kutengeneza filamu nyingine ya gemu lolote lenye binti ndani yake, muitishe mkutano wa wazazi, yaani sisi tuliokaa nao jioni zote hizo. Niko tayari kufunga duka siku hiyo. Mkutano uwe na viti vya kutosha na mpiga picha wenu akae mbele tumwone.

Nne, mwigizaji aliyemwigiza mwanangu, ambaye simlaumu kwa lolote, maana inaonekana alikuwa akisikia baridi muda wote, aje siku moja apande mnara na binti yangu. Tutamvisha suruali yenye mifuko. Nadhani atafurahi.

Na la tano, ambalo kwa kweli ndilo ninalolitaka kuliko yote: nakuomba umwandikie mkwe wangu mtarajiwa barua yenye mhuri wa kampuni, umweleze kwamba kamba ile mliitunga. Mweleze kwamba hakuna mtu aliyekuwa juu ya ule mwamba, hajapata kuwepo, na msichana alifika mwenyewe. Mweleze kwamba mtu akishapanda hadi katikati, jambo la heshima ni kumwacha amalize. Akilisikia kwangu ataona ni maneno ya baba mkwe. Akilisikia kwako, uliyemdanganya, atasadiki. Na iandike mapema, maana Ijumaa haiko mbali.

Mimi msimamo wangu ni mmoja na sitautikisa: mwana wa kike akishajifunza kupanda, mkono wa mtu mwingine ni wa kupiga makofi tu.

Nisalimie wote kazini. Msalimie mwandishi wa ile filamu, umwambie wazee bado tupo. Msalimie fundi wa nguo, na kama ana shida ya kitambaa cha mifuko aseme. Msalimie mpiga picha, pamoja na yote. Msalimie mama mzazi wa yule kijana wa kamba; bila shaka naye alikuwa na matumaini mengine. Mbwa pia.

Nikitarajia jibu lako kabla ya Ijumaa, nabaki kuwa wako katika ulezi,

Kinyozi,
Baba wa Kitindamimba (hai).

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani usiku mmoja kwa kukosa stempu, na binti yangu ameisoma. Alicheka sana, hasa pale pa lifti. Kisha akawasha mashine akafungua upande wangu, apate kumwona huyu mtoto asiye na mchubuko. Akamkuta uani, kwenye nyumba ile ya kwanza kabisa, kando ya kisima, pale pale gemu linapoanzia. Ndipo alipo tangu nikiwa na plasta. Ni uani pazuri, pana kuku. Geti liko wazi, na kwa nje inanyesha. Akaniuliza kwa nini sijawahi kumtoa. Nikamwambia si unaona inanyesha. Hakucheka. Aliniwekea pedi mapajani, akaenda kuoga.

Basi nikamtoa. Alivuka daraja vizuri, mwendo wake mzuri kweli akiwa nje, sikuwa najua. Halafu palikuwa na pengo, nikabonyeza kitufe nikiwa nimechelewa, akaanguka. Skrini ikawa nyeusi, yakaja maneno: Jaribu tena. Nikajaribu tena, akaanguka tena, na tena maneno yakaja, na kila mara alisimama pale kisimani hana hata kovu. Nilikaa na pedi hiyo mpaka chai ikapoa. Kule kilimani, Ndugu Mwongozaji, maneno hayo hayapo. Nilimuuliza binti yangu alipotoka bafuni, na akaniambia hapana, baba, kule hayapo, ndiyo maana tunajifunga mkanda.

Amewajibu kazini kwamba atakiongoza kikosi. Hakungoja Ijumaa wala barua yako. Viatu viko mlangoni. Nimejikwaa asubuhi hii. Na yule mwalimu wa udereva, niliyemsema kurasa zote hizi, alikuja dukani, akakaa kwenye kiti ingawa alikuwa amenyolewa juzi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku ya kupanda watu wanaruhusiwa kusimama chini. Nikamwambia wanaruhusu, nje ya utepe wa usalama. Tunakwenda pamoja, kwa lile gari la breki mbili.

Kwa hiyo, kuhusu kipengele cha nne, kile cha kamba: nakuomba usimwondoe yule mtu wa kamba. Asivute. Asibusu, wala asiseme yupo. Mshushe tu kutoka kule juu, umsimamishe chini ya mwamba mahali ambapo msichana akitazama atamwona, na afunge vifungo, na kamba aishike kwa mikono yote miwili. Na kama hutapata mwigizaji wa kusimama hivyo kutwa nzima bila kusema kitu, sisi tuko wawili.